Hodi Kutoka Ghalani

Hodi hupigwa na aliye nje. Hilo halifundishwi shule. Mtoto hulijua kabla hajajua kuvaa viatu. Kwa hiyo Jumamosi ile Erica aliposikia hodi ikitoka ndani ya ghala alilolifunga kwa mkono wake mwenyewe, ufunguo ukiwa bado unaning'inia kidoleni, alitakiwa kushtuka kwanza ndipo aseme neno. Mdomo ukaitangulia akili.

"Karibu," akaitikia, huku akiendelea kuokota chupa za maji zilizoachwa na wageni wake.

Kisha akasimama wima na zile chupa mkononi.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, saa ambayo watu wa kijiji cha Chihanze hujifungia ndani na mbuzi nao hujibanza ukutani. Wageni wote walikuwa mbele ya nyumba, kwenye basi la Kosta, wakimsubiri. Uani hapakuwa na mtu. Erica akalivuta kufuli, limefungwa. Akatega sikio, kimya. Ila palinuka udongo uliolowa mvua, harufu ambayo hakuna Mgogo asiyeifurahia, na huo ulikuwa mwezi wa kumi, mvua ya mwisho ilishasahaulika. Ubaridi ukampita ubavuni, ukaelekea mlangoni. Akajicheka. Akajiambia ni mtoto wa mgeni fulani aliyekuwa akichezea dirisha la ghala, ingawa alijua fika kwamba ghala lile halikuwa na dirisha.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kutembeza watu kwenye nyumba za kale. Wateja wake walikuwa wanafunzi wa chuo na watumishi waliohamia Dodoma pamoja na wizara zao, watu wazuri, ila wengi waliamini kwamba mji ulizaliwa siku waliposhusha makochi yao. Erica alifurahi sana kuwatoa ujinga. Aliwapeleka kuona tembe za Wagogo zenye mapaa ya udongo, nyumba za wamisionari, ngome ya Wajerumani kule Kilimatinde, michoro ya mapangoni Kolo. Na mwezi huo alikuwa amepata mahali papya: nyumba ya mawe ya mfanyabiashara wa Kihindi wa zamani za misafara, mwendo mfupi kutoka mjini ukishika njia ya Mpwapwa. Mwenye nyumba, Nizar, kitukuu wa yule mfanyabiashara, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Majengo. Alimkabidhi funguo kwa furaha na maelezo machache, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulala humo hata mara moja.

Erica alipofika kwenye Kosta, dereva Castory akamfungulia mlango.

"Haya dada, ingieni twende. Joto hili litatumaliza."

Erica akageuka kuona nani mwingine aliyechelewa. Nyuma yake palikuwa na njia tupu na vumbi. Akaingia, akaketi, na njia nzima kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu ingawa vijana wawili walikuwa wamesimama.

Nyumbani kwake Makole, bibi wa jirani anayeuza ubuyu alikuwa barazani. Kila siku humsalimia Erica "Mbukwa," naye huitikia "Mbukwa," basi. Siku hiyo bibi akainua macho, akayapeleka kwa Erica, akayasogeza kidogo kando.

"Mbukwenyi," akasema, yaani aliwasalimia watu zaidi ya mmoja.

Erica akaitikia haraka na kupita. Mumewe Gerson alimpokea mlangoni kwa tabasamu lake lile lile. "Karibuni. Poleni na jua."

"Karibuni, mimi na nani?"

"Nimesema hivyo?" Gerson akacheka. "Labda wewe na uchovu wako."

Lakini binti yao Dorkasi, mwenye miaka sita, hakucheka. Alishuka kwenye kiti alichokuwa amekalia, akamwamkia mama yake, kisha akageukia pembeni, akapiga goti kidogo jinsi bibi yake alivyomfundisha, akaamkia tena.

"Shikamoo."

Na Erica akasikia, chini kabisa, sauti kavu ya mtu ambaye koo lake halijaona maji, ikisema: marahaba.

Niseme wazi kwamba Dorkasi alikuwa mtoto mwenye adabu kupita kiasi. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyemlea alipokuwa mdogo, na bibi huyo alikuwa na sheria zake: mgeni hupewa kiti, hupewa maji, huanza kula, na akibaki kulala hupewa kitanda. Watu walimsifia Dorkasi kila mahali, na Erica alizipokea sifa hizo kwa kujidai, hakuona ubaya wake. Sasa aliuona. Chakula kilipotengwa, Dorkasi alisukuma sahani yake mbele ya kiti kitupu, akaweka mikono mapajani, akangoja.

"Kula, mwanangu."

"Mgeni hajala."

"Mgeni gani?"

"Uliyekuja naye." Akashangaa kuulizwa.

Chakula hakikupungua hata tonge. Baadaye Dorkasi alikivuta na kula, na Erica alipokionja alitaka kukitema: ugali ule haukuwa na ladha, mlenda umekuwa mchanga mdomoni, mchuzi una rangi lakini hauna chumvi wala mafuta, kana kwamba mtu amekipitia chakula na kuchukua kilicho chake. Ikawa hivyo asubuhi, mchana na jioni. Mtoto alikula sahani nzima na akazidi kukonda. Sketi ya shule ikaanza kumshuka kiunoni. Kwenye zahanati walimpima malaria, wakampima taifodi, wakampima minyoo, hawakuona kitu. Wakamwandikia vitamini. Erica alizitoa mwenyewe, akasimama mpaka mtoto ameze, na mtoto akaendelea kuisha.

Gerson alikuwa fundi umeme na mzee wa kanisa, mpole, anayempenda binti yake mpaka wenzake kazini humtania. Aliomba kila jioni na mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mtoto. Habari ya mgeni aliiita michezo ya watoto. Erica hakumwambia juu ya hodi. Tangu mwanzo Gerson hakuipenda ile kazi ya kuzungukia nyumba za marehemu, na akisikia kwamba mke wake amemkaribisha ndani kiumbe asiyemjua, angesema nini? Alikuwa na aibu na hofu pamoja, na aibu ilikuwa na nguvu zaidi.

Magharibi ndiyo ilikuwa mbaya. Giza lilipoanza kuingia, kabla taa hazijawashwa, sebule ilinuka udongo mbichi, na kutoka kwenye kile kiti Erica akiwa jikoni alisikia mkono ukikwangua sahani, ukikwangua taratibu, ukikusanya punje kwa punje, kisha kitambaa kikifungwa fundo, kisha kimya, kisha tena mkwaruzo, na kila alipochungulia aliona sahani imejaa na kiti kitupu na binti yake ameketi kwa adabu, macho yamemtoka usoni kwa kukonda, akitikisa kichwa kukubaliana na mtu asiyeonekana, na pale Erica alipojikaza akapita mbele ya kiti hicho ili achote maji kwenye mtungi, mtu alishusha pumzi karibu na sikio lake kwa hamu ya maji yale, pumzi ndefu, kavu, ya subira, mpaka kata ikamponyoka mkononi na kupasuka sakafuni.

"Mama," Dorkasi akanong'ona, "kwa nini wewe humpi maji? Ana kiu. Anaona haya kuomba."

Usiku huo mtoto alilala mkekani. Kitanda, alisema, ni cha mgeni. Asubuhi Erica aliligusa godoro akakuta limebonyea katikati, na shuka ina vumbi la nafaka.

Hakusubiri zaidi. Alimbeba Dorkasi, na Gerson alipotoka kwenda kazini naye akatoka kwenda Majengo, dukani kwa Nizar. Wateja walikuwa wengi wakibishania bei ya misumari. Erica akainama juu ya kaunta.

"Nizar, ndani ya ghala kuna nini?"

"Popo. Na pumba za miaka mingi. Kwani vipi?"

"Nilisikia hodi."

Nizar akaacha kupima nondo. Alimtazama Erica, akamtazama mtoto. "Hukuitikia, lakini."

Erica akamvuta mtoto karibu.

"Mungu wangu. Nilisahau kukuambia," Nizar akasema kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Njoo juu kwa shangazi."

Bi Gulbanu, dada wa baba yake Nizar, aliishi ghorofani juu ya duka pamoja na televisheni yake, ambayo haikuzimwa isipokuwa umeme ukikatika. Alipowaona wakiingia aliizima mwenyewe. Erica akamwamkia, Dorkasi akamwamkia. Bi kizee akaitikia, kisha akamwagiza Nizar alete viti vitatu. Waliketi wawili. Bi Gulbanu akakitazama kile cha tatu kwa muda, mdomo ameubana kwa hasira, au kwa huzuni. Kwa uso wake ilikuwa vigumu kutofautisha.

"Nyumbani kwetu kule," akasema, "hatukuwa na hodi. Ulikuwepo mkufu wa shaba mlangoni, unautikisa, unafunguliwa. Watoto tulichapwa tukiita hodi na tulichapwa tukiitikia karibu. Sasa huyu kijana amegawa funguo na kuusahau mkufu."

"Ni jini, bibi?" Erica akauliza.

"Shehe wa babu yangu alisema ni jini aliyeokota sauti ya marehemu. Wamisionari wakasema ni pepo. Mimi nitakwambia kilichotokea, ukiite unavyotaka. Njaa ile kubwa ya baada ya vita vya Wajerumani, nyie mnaiita Mtunya, babu alijaza ghala uwele na kulifunga. Mama mmoja wa kwenu alijipenyeza wakati makuli wanaingiza magunia. Alitaka kuwachukulia wanawe, walikuwa wamekaa nje ya ukuta. Babu akafunga, akaondoka kwenda Kilosa. Yule mama akagonga, akapiga hodi. Nafaka ilimzunguka mpaka darini lakini maji hapakuwa. Watumishi waliokuwa uani walimsikia, wakaogopa kufungua ghala la tajiri." Akasafisha koo. "Hakuna aliyemwambia karibu mpaka wewe."

Dorkasi alikuwa akisikiliza na kichwa ameegemeza kwenye mkono wa kile kiti cha tatu, na nywele zake zilikuwa zikisogea taratibu, zikipapaswa.

Erica akamnyakua. "Nimtoeje? Nisaidie, bibi. Mtoto wangu ananiishia mikononi."

"Hatolewi. Walisoma dua, wakafukiza ubani, wakachinja, wakampiga mijeledi ya hewani. Ukimfukuza mgeni anakaa palepale kwa uchungu. Huyu ni mgeni wenu, umemkubali kwa kinywa chako. Basi mkirimu mpaka mwisho. Mrudishe ghalani, mpe maji kwanza, mpe chakula kwa mkono wako, si kwa sahani ya mtoto. Akishiba ataaga. Mfungulie mlango wa mbele mwenyewe, mwambie nenda salama, funga. Usitoke kumsindikiza. Kaeni humo mpaka mtoto aombe chakula kwa ajili yake mwenyewe."

"Ni hayo tu?"

Bi Gulbanu akamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Na ulinde ulimi. Ninyi watu na sisi tuliokulia kwenu tuna ugonjwa mmoja. Mtu akisema naenda, sisi tunasema karibu tena. Hata mwizi tunamwambia. Ukimwambia hivyo huyu, hakuna atakayekusaidia. Mimi pia usinitegemee. Nyumba ile siingii hata kwa kubebwa."

Kesho yake mchana Erica alimwacha Gerson na uongo kwamba ana ziara, akakodi bajaji hadi Chihanze, yeye, mtoto, ndoo ya maji na sufuria la ugali wa uwele na mlenda. Mwenye bajaji aliwasaidia kushusha. "Mko wengi kumbe," alinung'unika akitazama matairi yaliyobonyea, akaondoka bila kugeuka.

Erica akafungua ghala. Joto la humo lilimpiga usoni. Akaweka kigoda, akaweka ndoo mbele yake, akachota kata ya kwanza akainyoosha gizani kwa mikono miwili.

"Karibu maji," akasema. Dorkasi alikuwa amemshika sketi.

Kata ikawa nyepesi. Akachota nyingine ikawa nyepesi, akachota nyingine, na sasa alisikia maji yakipita kooni kwa mtu, mafunda makubwa ya mtu aliyesahau namna ya kunywa, yakikatizwa na kikohozi na kilio kidogo na kuanza tena, na ndoo ikateremka mbele ya macho yake ikafika nusu ikafika chini, na pua yake ikajaa mvua, mvua ya masika yote ambayo yule mama hakuyaona, mpaka Erica ambaye alikuja na chuki moyoni akajikuta analia machozi na bado anaogopa, vyote kwa pamoja, akikwangua chini ya ndoo ili tone lisibaki. Kisha akamega ugali, akachovya, akanyoosha. Vidole vikavu viligusa vyake. Hakuvuta mkono. Alimega mpaka sufuria likaisha.

Akaliweka chini. Halafu ile sauti kavu, karibu sana:

"Nimeshiba, mama. Sasa naomba kwenda."

Maneno yale mawili yakamjia Erica mdomoni. Yalifika mpaka kwenye meno. Akauma ulimi hadi akasikia ladha ya damu, na kwa kiganja chake akamziba Dorkasi mdomo, maana aliuona mdomo ule mdogo wenye adabu ukianza kufunguka. Akamkokota mtoto kupitia uani, kupitia ukumbi, hadi mlango wa mbele, nyayo za miguu mitupu zikiwafuata bila haraka. Akafungua. Mwanga ukaingia.

"Nenda salama," akasema.

Kitu kilimpita. Akafunga mlango, akashusha komeo, akaketi sakafuni na mtoto mapajani. Harufu ya mvua ilififia, ikabaki harufu ya kawaida ya nyumba kuukuu, popo na vumbi. Walikaa. Nje aliona kama anasikia mazungumzo, akadhani ni upepo. Kisulisuli hupita pale kila mchana.

Dorkasi akajinyoosha. Akakunja uso, akaanza kulia kilio cha mtoto mdogo aliyedeka. "Mama, nina njaa. Nataka mkate. Nataka wangu peke yangu."

Erica hakuwahi kusikia neno tamu namna hiyo. Alimbusu kichwani, shingoni, viganjani, akacheka kwa sauti ndani ya nyumba ile isiyozoea kicheko, kisha akafungua mlango.

Gerson alikuwa ameketi kwenye ngazi, pikipiki yake pembeni, mkononi ana mkate wa siagi na pakiti ya maziwa.

"Jirani ameniambia mmechukua bajaji kuja Chihanze na sufuria," akasema, akimpokea mtoto. "Nikasema huyu chakula hakimkai, ngoja niwafuate na mkate. Wala sijaja kugombana, Erica, usinitazame hivyo."

Dorkasi alishaufikia mkate. Aliurarua kwa meno, akatafuna mashavu yamejaa, na baba yake akamtazama, machozi yakamlengalenga. "Anakula! Mungu ni mwema. Anakula kweli kweli." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Na yule mama aliyetoka humo ni nani? Mwembamba, amejifunga kaniki ya zamani. Kaniaga kwa heshima mpaka nikaona haya."

Erica akashika mwimo wa mlango. "Amekwambia nini?"

"Ameshukuru. Anasema tangu azaliwe hajakirimiwa namna hii. Akauliza kama anaweza kuwachukua wanawe nao waje kula kwetu, wana njaa ya muda mrefu."

"Gerson. Ukamjibuje?"

"Ningemjibuje? Nimkatalie mama wa watu chakula cha watoto?" Gerson akashangaa kuulizwa. "Nimemwambia nyumba ni yao. Nimemwambia karibuni nyote."

Dorkasi aliacha kutafuna. Akautoa mkate mdomoni, akaushika kwa mikono miwili, akaanza kuumega vipande vidogo vidogo, akivipanga kwenye ngazi kimoja baada ya kingine.